Wauza shayiri ya haidroponiki, acheni kutuuzia punje zilizokufa

Wakuu, hili limezidi sasa. Shayiri ya kuotesha kwenye trei bila udongo, iwe majani ya mifugo, inauzwa kwa bei ya mbegu wakati ni nafaka ya kawaida iliyolala chini ya bati misimu miwili. Gunia halina lebo wala mwezi wa kuvunwa. Ukiuliza inaota asilimia ngapi, unajibiwa "inaota vizuri tu." Siku ya 4 trei zinanuka, ukungu umetanda, na ukipiga simu unaambiwa kosa ni lako: umemwagilia sana, hukutia jiki.

Si kweli, na wengi wao wanajua. Chukua trei ya kilo 1.5. Shayiri ikiota asilimia 70, gramu 450 za punje mfu zinabaki humo kwenye maji na joto siku 7 nzima. Punje hai inatumia akiba yake kukuza mizizi na majani. Iliyokufa inalainika, inavujisha wanga na sukari, na huo ndio mlo wa ukungu. Jiki, mililita 30 kwa lita 1 ya maji, nusu saa, kisha suuza vizuri, inapunguza vimelea vilivyo juu ya ganda. Haifufui kiini, ile sehemu ya punje inayoota.

Kiini kinakufa godauni. Shayiri inaingizwa ikiwa na unyevu wa asilimia 15 au 16, inarundikwa sakafuni ikigusa ukuta, bati linachoma mchana kutwa. Mbegu ya nafaka inataka asilimia 12, isizidi 13, juu ya chaga, mahali penye ubaridi. Unyevu ukishuka kwa asilimia 1 tu, umri wa mbegu unakaribia kuongezeka mara mbili. Ukipanda, unakatika vivyo hivyo. Fukuzi nao wakiingia, punje iliyotobolewa kiini haiwezi kuota hata kama kwa nje inaonekana nono. Na mifuko ya kuzuia hewa kama PICS inafanya kazi vizuri kwa nafaka kavu pekee. Ukifungia mbichi humo, wadudu watakufa, na mbegu itakufa nayo.

Wengine wanajisifu kuwa shayiri yao "imetoka kwa wakulima wa bia." Sawa, lakini kiwanda cha kimea (nafaka iliyooteshwa ya kutengenezea bia) nacho kinataka shayiri inayoota, kwa kawaida asilimia 95 au zaidi. Basi ulizeni mzigo huo uliachwa kwa nini. Kama ulikataliwa kwa kutoota, unakujaje kwetu kwa jina la mbegu?

Kuna kosa baya kuliko hilo la ukungu. Duka likiishiwa shayiri, mteja anapewa mahindi au ngano ya kupanda yenye rangi ya waridi, kijani au bluu, na kuambiwa aoshe. HAPANA. Rangi ile ni onyo kwamba mbegu imepakwa dawa ya ukungu au ya wadudu. Baadhi ya dawa hizo zinapenya ndani ya mmea, zinapanda hadi kwenye majani, kuosha hakusaidii. Lebo ya TOSCI (taasisi ya kuthibitisha mbegu Tanzania) kwenye mfuko huo inathibitisha mbegu kwa ajili ya shamba. Haisemi kwamba ng'ombe wako anaweza kuila. Nafaka iliyochanganywa na dawa ya unga ya kuhifadhia nayo muuzaji aitaje kabla ya kupokea hela. Na trei yenye ukungu usimpe mnyama: sumukuvu ikiingia kwa ng'ombe inatokea kwenye maziwa, na watoto wanayanywa.

Kabla ya kulipa gunia hata moja, chomeni bambo (chuma cha kuchotea sampuli) magunia kadhaa, juu, kati na chini. Changanya, hesabu punje 100 bila kuchagua nzuri, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, weka kivulini, na hesabu zilizotoa mzizi siku ya 4. Zikiwa 90 kwenda juu, nunua. Chini ya 85, usiite mbegu. Kama ni safi, haina dawa wala ukungu, iparazwe iliwe kama nafaka, kwa bei ya nafaka. Ila shayiri iliyovunwa juzi inaweza kuwa hai lakini bado imelala, yaani haijawa tayari kuota, ipe wiki kadhaa upime tena.

Unyevu nao pimeni: nafaka theluthi ya chupa kavu ya kioo, vijiko vichache vya chumvi kavu, tikisa dakika 2 au 3. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15. Isipoganda, bado huna uhakika kwamba umeshuka hadi 13, kwa hiyo mwenye kipimo cha mashine atumie hicho.

Na hii ya "kilo 1 inatoa kilo 10" ikome. Kilo 1 ya shayiri kavu ina takriban gramu 880 za chakula kikavu. Kilo 6 za majani yenye maji asilimia 87 zina gramu 780. Uzito ulioongezeka ni maji, na punje zisipoota hata hayo majani huyapati.

Wenye magodauni mliomo humu, jibuni hapa: mmevuna au kununua mwezi gani, unyevu asilimia ngapi, mmetia dawa gani, na mnakubali mteja achukue punje 100 akapime siku 4 kabla ya kulipa?