Saikolojia tiba Muhimbili au neurosayansi Ujerumani? Natakiwa kuthibitisha mwezi huu

Mwana_Manyovu: Wakuu, habari za mchana. Nimepata nafasi mbili za masta na natakiwa kuthibitisha moja kabla ya mwisho wa mwezi. Moja ni saikolojia tiba MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili. Nyingine ni neurosayansi, yaani sayansi ya ubongo na neva, Chuo Kikuu cha Göttingen, Ujerumani. Nyumbani wanasema nenda Ulaya. Ipi ina mwelekeo mzuri? Naombeni mawazo.

Dkt_wa_Kata: Mkuu, hapo hujatuambia kitu. Shahada ya kwanza umesoma nini? Nani analipa? Na kubwa zaidi, unataka kukaa na mgonjwa au maabara? Hizo ni njia mbili tofauti kabisa.

Shemeji_Ilala: Ujerumani bila kujiuliza. Ada hakuna, na kozi ni ya Kiingereza.

Mtz_Leipzig: @Shemeji_Ilala, tumpe kijana habari kamili. Siyo majimbo yote. Jimbo la Baden-Württemberg linatoza wasiotoka Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula tangu 2017. Göttingen iko jimbo la Niedersachsen, pale ada hakuna, ni mchango wa muhula tu. Lakini viza inataka uoneshe pesa ya kujikimu kwenye akaunti maalumu, na 2024 kiwango kilipanda hadi yuro 11,904 kwa mwaka. Una ufadhili?

Bi_Neva: Naomba niseme kwa urefu. Nilisoma neurosayansi nchi nyingine ya Ulaya, chuo sikitaji. Tangazo la kozi lilijaa sonona, skizofrenia na kifafa, ila kazi yenyewe ikawa ni panya. Unaukata ubongo wake vipande vyenye unene wa milimita 0.3, unaviweka kwenye maji ya chumvi yanayopulizwa oksijeni, halafu unahangaika chini ya darubini kunasa seli moja kwa ncha ya kioo usome umeme wake. Vipande havidumu, vinakufa baada ya saa chache, kwa hiyo chakula cha mchana unakila jioni. Sayansi yenyewe tamu, sikatai. Siku seli inaposhika ukaona mapigo yake kwenye skrini, hutasahau.

Kilichoniumiza ni kwamba katikati ya masomo msimamizi alihamia chuo kingine. Mradi ukafungwa, nikapewa mabaki ya mradi wa mtu mwingine, na hakuna aliyewajibika. Niliporudi nyumbani, kila hospitali niliyopeleka barua iliniuliza saa za kukaa na wagonjwa chini ya usimamizi. Sina. Mdogo wangu, muulize msimamizi kwa maandishi: mkataba wake unaisha lini, na akiondoka nani anakuchukua?

Dkt_wa_Kata: Pole sana dada. Kwa Göttingen, mwaka wa kwanza mnazungushwa maabara tofauti kabla ya kuchagua, na wanaofanya vizuri wanaweza kupita moja kwa moja kwenye uzamivu. Ila ni utafiti, haikufikishi hospitalini.

Mzee_wa_Hoja: Kwangu zote mbili hapana. Asome udaktari. Mwanasaikolojia hata dawa haandiki.

Nesi_Dodoma: @Mzee_wa_Hoja, mimi niko wodi ya akili. Dawa inamtuliza mgonjwa, sawa. Anayekaa na yeye na mama yake wajifunze kutambua dalili za mwanzo, kama kukosa usingizi, kabla ugonjwa haujarudi ni nani? Daktari ana foleni hadi mlangoni.

Mzee_wa_Hoja: Sijasema hawafai, nazungumzia ajira. Tangazo la mwisho la wanasaikolojia uliliona lini?

Ngong_Hills: Huku Kenya kuna sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia tangu 2014. Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kina uzamili wa saikolojia tiba, mbona hamkitaji?

Mwana_Manyovu: Asanteni sana wakuu. Nina shahada ya saikolojia, kwa sasa nafundisha sekondari. Ufadhili wa Ujerumani sijajibiwa. Kinachonisukuma ni kifafa. Nina mwanafunzi anayeganda katikati ya sentensi, macho wazi, sekunde chache tu, kisha anaendelea kusoma. Wenzake wanasema ana mashetani. Nataka kuwasaidia watoto kama yeye.

Dkt_wa_Kata: Hilo ndilo ulipaswa kuanza nalo! Huyo mtoto afike kliniki kwanza, asisubiri masta yako. Na kwa lengo hilo, angalia pia neurosaikolojia, yaani saikolojia ya watu wenye matatizo ya ubongo, Chuo Kikuu cha Cape Town.

Mtz_Leipzig: Cape Town anaanza maombi upya, na nafasi mbili anazo mkononi.

Bi_Neva: Waandikie Muhimbili, uliza kama nafasi inaweza kusogezwa mwaka mmoja. Usithibitishe Göttingen kabla ya jibu la ufadhili.

Nesi_Dodoma: Samahani kwa kuingilia uzi. Mimi nina shahada ya uuguzi. Hiyo ya Cape Town wanatupokea?