Naomba ushauri: kaseti na michoro ya marehemu mwalimu wetu

Assalam aleikum ndugu zangu, mwalimu wetu wa skuli hapa Wete, Pemba, katangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Alikuwa akisomesha hesabu lakini mapenzi yake udi na rangi, jioni anatukalisha barazani anatupigia na kutuhadithia mwimbaji wa taarab Siti binti Saad alivyokwenda Bombay 1928 kurekodi santuri, mwalimu kama yule humpati tena.

Sasa wanafunzi wake wa zamani tunataka kumuwekea kumbukumbu, wanawe wametupa boksi la kaseti alizojirekodi mwenyewe na michoro ya majahazi kwenye manila. Tatizo unyevu, utepe umeota ukungu mweupe na michoro imegandana. Kaseti moja tulimpelekea fundi redio akaitia kwenye deki ikatafunwa, roho iliniuma maana juu kaandika kwa mkono wake "mashairi ya watoto", basi nyengine tumezizuia.

Kuna mtu Unguja au Pemba anayeweza kuzisafisha ukungu kwanza ndo aziingize kwenye kompyuta? Na zenyewe tuzipeleke Nyaraka, hifadhi ya kumbukumbu ya Zanzibar kule Kilimani, Unguja, au zibaki kwa familia, maana wanawe wanaogopa zikivuka bahari hawatoziona tena?