Sweta ya baba imetoka ndogo, nifumue au niendelee? Hii sindano namba 8 imenichanganya

binti_kitulo ameandika:

Habari zenu wapendwa, naombeni ushauri maana hili jambo ninalo toka juzi na hapa nyumbani hakuna anayefuma zaidi yangu wa kumuuliza.

Iko hivi. Baba yangu yuko Makete, na anayeijua Makete anajua mwezi wa sita na wa saba kule unaamka asubuhi unakuta majani meupe yameganda. Koti analo ila ndani anavaa sweta moja ya mtumba ambayo viwiko vimeshaisha, nikasema mwaka huu namfumia kwa mkono wangu mwenyewe nimpelekee nikienda likizo mwezi wa sita. Kufuma nilijifunza shule ya msingi, kofia na soksi za watoto wachanga nafuma bila shida ila sweta ya mtu mzima ndo mara ya kwanza.

Patani, yale maelekezo ya kufuma, nimeitoa kwenye intaneti, ni ya Wamarekani. Inasema sindano namba 8, mgongo uanze na vitanzi 90, kifua kitatoka sm 100. Baba nilimpima krismasi ana 94 kwa hiyo nikaona inamfaa na nafasi ya shati ndani. Nikaenda Kariakoo nikanunua sindano namba 8 za aluminiamu na uzi wa akriliki rangi ya kahawia, madonge matano ya gramu 100, lebo imeandikwa DK. Nimefuma wiki tatu, usiku watoto wakishalala, nimefika mistari 66 ambayo ni sm 22 kwenda juu. Juzi nikakilaza kitandani nikapima upana nikapata 41. Nikapima tena nikidhani tepu imejikunja, 41 ile ile. Mara mbili ni 82, yaani baba haimwingii kabisa, na vitanzi nimehesabu ni 90 kamili hakuna kilichoponyoka.

Sasa nifumue yote jamani? Au kuna namna ya kuivuta labda na pasi? Na nikifumua nibadili sindano au nibadili uzi? Halafu pembeni kote inajikunja kama mkeka sijui ndo kosa hilo hilo. Na joto hili la Dar mikono inatoka jasho, uzi unagoma kuteleza kwenye sindano nasukuma vitanzi kwa kidole gumba mpaka kinauma.

fundi_mama_J ameandika:

Pole dada. Usifumue haraka hivyo, loweka kitambaa kidogo halafu piga pasi ya moto huku unavuta pembeni na pini, mimi ilishaniongezea upana nikiwa nafuma shali.

bibi_wa_njombe ameandika:

Hapana mama J, shali yako huenda ilikuwa sufu. Sufu ukiilowesha na kuivuta inakubali. Akriliki ukiigusa na pasi ya moto inalala, inakuwa laini kama kitambaa kilichochoka na hairudi tena ilivyokuwa, ribu ya chini, ule ukingo wa mistari unaobana, ndo inakufa kabisa haibani tena. Na hapa mtoto anahitaji sm 9 kwa mgongo tu, na mbele 9 nyingine. Hakuna pasi ya kutoa hizo.

Mwanangu, kabla hujafumua chochote niambie kwanza, chini ya hiyo namba 8 kwenye sindano kuna maandishi ya mm? Na kwenye patani, mwanzo kabisa kabla hawajaanza kusema anza vitanzi, hawajaandika vitanzi vingapi kwa sm 10?

binti_kitulo ameandika:

Shikamoo bibi. Kwenye sindano ni 8 tu imechongwa kwenye kile kitako, hakuna mm. Kwenye patani nimerudi kuangalia, ni kweli wameandika vitanzi 18 na mistari 24 kwa sm 10. Nilikiruka hicho kipande nikaenda moja kwa moja kwenye kuanza.

tatu_minnesota ameandika:

Basi hapo ndo penyewe dada angu. Mimi niko Marekani mwaka wa tisa huu na nilipofika huku nilikwama vile vile ila kwa upande wa pili, nilikuja na patani ya nyumbani.

Namba 8 ya Marekani na namba 8 ya Uingereza ni sindano mbili tofauti. Ya Marekani ni mm 5. Ya Uingereza ya zamani, ambayo ndo tuliyorithi sisi na mara nyingi ndo imechongwa kwenye sindano za madukani huko, ni mm 4. Tena zinahesabiwa kinyume, Marekani namba ikipanda sindano inanenepa, Uingereza namba ikipanda sindano inakonda, kwa hiyo namba 10 ya huko ni mm 3.25 lakini 10 ya huku ni mm 6, linene karibu kama penseli. Wewe mtu akikupa patani usiulize namba, uliza milimita.

Na uzi nao. Patani yako kwa vitanzi 18 inataka uzi mnene kuliko huo, ule ambao lebo za huku wanachora kidonge cha uzi kina namba 4 ndani yake. DK ya lebo yako ni unene wa namba 3, mwembamba zaidi. Kwa hiyo umetumia sindano nyembamba na uzi mwembamba vyote kwa pamoja, lazima ingepungua.

wa_nyahururu ameandika:

Hata huku Kenya hiyo namba 8 imesumbua wengi, mimi hushona sweta za watoto nauza (huku tunasema kushona hata kama ni sindano za mkono) na wateja huniletea patani za simu kila siku.

Kama hauna kile kikadi chenye matundu cha kupimia sindano, chukua uzi wa cherehani uuzungushe kwa sindano mara kumi, mizunguko ibanane isipandane, halafu uufungue uupime na tepu. Ukipata kama sm 13 hiyo ni mm 4. Ukikaribia 16 hiyo ni mm 5. Ama umpelekee fundi wa pikipiki mwenye kalipa, atakupimia dakika moja.

binti_kitulo ameandika:

Nimezungusha mara kumi, imetoka 13 kasoro kidogo. Kwa hiyo ni mm 4. Nikahesabu na vitanzi vyangu katikati ya kitambaa, nimechomeka pini mbili sm 10 kwa 10, nimepata vitanzi 22 na mistari 30. Lebo ya uzi nayo imeandika 22 kwa sindano ya mm 4. Asanteni sana, toka juzi nilikuwa nadhani mkono wangu ndo unabana sana.

Sasa nikanunue mm 5 nianze upya na 90 zile zile?

kijana_uyole ameandika:

Ndiyo dada chukua mm 5, itakwenda haraka na itakuwa nyepesi, mwezi wa sita sio mbali.

bibi_wa_njombe ameandika:

Mdogo wangu wa Uyole wewe unajua baridi, fikiria kidogo. Uzi mwembamba kwa sindano nene kitambaa kinakuwa kama wavu, ukikiinua juu unaona dirisha. Mtu wa Makete upepo utamwingia kifuani humo humo, na kwa uzani wa mikono sweta itashuka mpaka magotini. Sweta ya baridi inatakiwa ukikunja kitambaa kirudi chenyewe. Huyu mkono wake ni mzuri, 22 kamili kama lebo inavyotaka, kwa nini tumharibie? Abaki na uzi wake, abaki na mm 4, abadili hesabu ya vitanzi.

Mwanangu hesabu ni hii. Unataka mgongo sm 50. Kwako sm 10 ni vitanzi 22, kwa hiyo sm 50 ni 110. Na 110 ni nzuri kwa ribu ya mbili mbili, viwili vya mbele viwili vya kinyume, kwa sababu nne nne zinaingia mara 27 zinabaki mbili, ribu inaanza na kuisha sawa na mshono wa ubavu unakaa vizuri. Kila namba utakayoikuta kwenye patani zidisha kwa 22 ugawe kwa 18. Wakisema mkono uanze na 42 wewe unapata 51 na kidogo, chukua 50 ili ribu ikubali. Namba za mistari zisahau, wewe pima na tepu. Patani ikisema mistari 96 mpaka makwapani maana yake ni sm 40, kwako itakuwa kama mistari 120, usije ukasimamia 96 ukampa baba sweta ya kufika kitovuni.

Ribu ya chini na ya mikono ifume na sindano nyembamba zaidi, mm 3.25, ile namba 10 ya kwetu. Ukiifuma na mm 4 inalegea, baada ya kufuliwa mara mbili tatu inapanuka kama sketi.

Kujikunja pembeni sio kosa. Ukifuma mstari mmoja wa mbele na mmoja wa kinyume kitambaa chochote kinajikunja, pembeni kinaelekea nyuma na chini kinaelekea mbele. Ukishashona mbavu kinatulia chenyewe.

tatu_minnesota ameandika:

Bibi shikamoo, umemaliza yote. Mimi naongeza kwenye sindano tu. Dada kwa jasho hilo achana na aluminiamu, tafuta za mianzi, mkono ukilowa mwanzi unanyonya na kitanzi kinashikwa bila kunata. Na kama utazipata chukua zile mbili zilizounganishwa na waya wa plastiki katikati, urefu sm 80. Watu wanadhani ni za kufumia mduara tu, unaweza kufuma kwenda na kurudi kama kawaida. Vitanzi 110 kwenye sindano ndefu mbili uzito wote unaning'inia kwenye viganja, kwenye waya kitambaa kinalala mapajani. Kidole gumba kitakushukuru.

mama_tausi ameandika:

Mimi nawaza hicho kipande alichokwisha kufuma, wiki tatu za usiku zile. Kifua cha 82 ni cha mtoto wa miaka kumi na moja kumi na mbili hivi. Si akimalizie kiwe sweta ya mtoto?

binti_kitulo ameandika:

Nililifikiria hilo mama Tausi, kuna mtoto wa kaka yangu anaishi na baba yuko darasa la sita. Ila sweta mbili mpaka mwezi wa sita sitaweza, na uzi ninao wa moja.

bibi_wa_njombe ameandika:

Kipime kwenye mizani ya jikoni. Nadhani hakitazidi nusu donge. Basi usikifumue leo wala usikimalizie, kiweke. Kwanza kifue na ukianike kama baba atakavyofua, kikikauka hesabu tena vitanzi kwa sm 10, kama bado ni 22 hesabu yetu imesimama. Watu wanafuma kipande cha kujaribia cha kiganja kimoja, wewe unacho kikubwa kuliko wote hapa. Anza sweta na donge jipya, na uzi ukikupungukia kwenye mkono wa pili ndipo ukifumue hicho, unakilowesha uzi wake unautundika na chupa ya maji ndogo kwa chini mpaka unyooke, unaendelea nao.

Miaka ya themanini mwanzoni madukani hakukuwa na uzi wala sindano. Tulikuwa tunachukua spoki mbili za baiskeli, tunasugua ncha kwenye jiwe la mto hadi isikwaruze shavu, hivyo ndivyo mama alikuwa anazipima, anaipitisha shavuni, ikikwaruza rudi mtoni. Spoki ni mm 2, sweta moja ilikuwa inachukua miezi. Uzi tulifumua sweta kuukuu, na hata sasa ukipata ya mtumba ya sufu usiidharau, angalia tu mshono wa ubavu ndani, ukikuta imekatwa na kupigwa ovaloki iache maana utapata vipande vifupi vifupi, ukikuta kingo nzima zimeunganishwa na uzi mmoja nunua. Kwa hiyo kufumua kusikutie uchungu mwanangu, uzi hauharibiki kwa kufumuliwa mara moja.

Na nenda kanunue donge la sita sasa hivi, loti ile ile, yaani lililotiwa rangi mkupuo mmoja na hayo yako. Iko kwenye lebo karibu na namba ya rangi.

binti_kitulo ameandika:

Narudi na majibu. Kipande kimepimwa, gramu 45. Nimekifua na kukianika, vitanzi bado 22, mistari imebaki 30.

Kariakoo nimezunguka, rangi nimeipata ila loti sio ile, ukiziweka pamoja juani ya pili inaelekea wekundu kidogo. Nimenunua hivyo hivyo, sijui nimekosea?

bibi_wa_njombe ameandika:

Hujakosea. Hilo jipya litumie kwenye ribu zote, chini, mikononi na shingoni. Ribu ina vivuli vyake, jicho halioni tofauti, na hata likiona linadhani umekusudia. Usiliweke katikati ya kifua tu, hapo utaona mstari kama wa mfereji.

wa_nyahururu ameandika:

Na ukishamaliza ribu ya mgongo, kabla ya kubadili sindano, pitisha uzi mwembamba wa rangi nyingine ndani ya vitanzi vyote 110 uuache humo. Ukikosea juu unafumua mpaka hapo tu, vitanzi vyote unavikuta vimekungoja.

binti_kitulo ameandika:

Nimefanya yote. Sindano za waya za mianzi nimepata mm 4, za mm 3.25 nimekosa za mianzi nimechukua za plastiki. Ribu nimeifuma sm 7 na donge la loti mpya, nikapitisha uzi mweupe kama dada wa Nyahururu alivyosema, nikaingia kwenye mm 4. Jana usiku nimefika sm 10 juu ya ribu nikazima feni, nikalaza kitambaa sakafuni bila kukivuta. Hamsini.

Nikifika makwapani nitarudi hapa bibi, ile sehemu ya kupunguza vitanzi sijaielewa bado, wameandika ufunge 6 kila upande halafu upunguze kimoja kimoja. Kwa hesabu yako naona hizo 6 zinakuwa 7, nimepatia?

bibi_wa_njombe ameandika:

Saba. Umepatia. Msalimie baba.