Eksirei ya meno inaweza kuonyesha mifupa imepungua?

MamaTina: Jamani nimempeleka mama, ana miaka 67, kung'oa jino, daktari kaangalia ile eksirei ya taya zima akasema ukingo wa chini umekuwa mwembamba, eti akapime mifupa. Meno na nyonga wapi na wapi?

Daktari_Meno: Dada zinahusiana kabisa. Ule ukingo, yaani mstari mweupe wa chini ya taya kwenye eksirei, unene wake ukiwa chini ya milimita 3, hasa kwa mama aliyekoma hedhi, tunashtuka. Ila picha hiyo haithibitishi, kipimo chenyewe ni DEXA (eksirei maalum ya kupima uimara wa mifupa) ya nyonga na uti wa mgongo, alama yake (T-score, inayolinganisha mifupa yako na ya kijana mwenye afya) ikisoma -2.5 kushuka chini ndo osteoporosisi, yaani mifupa imepungua na kuwa dhaifu.

Juma_K: Usichelewe dada, bibi yetu alijikwaa tu kwenye zulia nyonga ikavunjika, na hakuna aliyejua mifupa imeisha.

MamaTina: Asanteni sana, j3 naenda nae.