Naombeni ushauri kabla sijasaini mkataba wa kuhifadhi shamba

Wakuu habari zenu, naombeni ushauri maana hapa nimekwama. Tuna shamba la familia ekari 60, karibu nusu ni msitu wa asili na kijito kinapita katikati, sasa kuna shirika la uhifadhi linataka tusaini ule mkataba ambao shamba linabaki letu, tunalima, tunaweza kuuza au kurithisha, ila haki ya kukata viwanja na kujenga inaondoka milele, na yeyote atakayemiliki baadaye naye anabanwa. Wao watakuwa wanakuja kukagua kila mwaka. Mimi nimeupenda, mdogo wangu hataki hata kusikia, anasema thamani itashuka (na hapo kusema kweli hajakosea). Nimeomba watenge ekari 2 za nyumba za watoto, wamekubali. Shida mwanasheria kaniambia shamba likiwa na mkopo lazima benki iridhie kwanza kwa maandishi, na letu lina mkopo.

Sasa, shirika likija kufa nani anashika mkataba, na hicho kipengele kiandikweje? Na waliowahi kupitia hili, benki mliishawishi vipi?