Kuna mfuko wa uwekezaji wa Kikristo hapa Unguja, niingie au niache? Naomba ushauri

Dada wa Mapokezi:
Wakuu habari za jioni. Mimi ni binti wa bara, nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja upande wa kusini, huu ni mwaka wa sita nipo Unguja. Nina akiba kidogo imekaa tu kwenye simu, haizai kitu. Kuna kaka mmoja tunasali naye, mtu wa heshima zake, katuletea habari za mfuko wa uwekezaji wa Kikristo. Unaweka pesa, wao wananunua viwanja Paje na Fumba, wanajenga nyumba za wageni, na wewe unapata asilimia 8 kila mwezi. Hakuna pombe, hakuna kamari. Kabla ya kupokea pesa yako wanaiombea kwanza.

Ninachouliza ni kimoja tu: Mkristo kuweka pesa kwenye mfuko kama huu, kuna ubaya kiimani? Masika yanakaribia, hoteli zitafunga, wengi wetu tutarudishwa nyumbani bila mshahara, na tumeona hii ni njia ya kujishikiza. Leo usiku wa nne sijalala. Naomba msinitukane.

Pweza wa Forodhani:
Nimevuta kiti mbele kabisa. Asilimia 8 kwa mwezi! Hata maji ya bamvua hayajai kwa kasi hiyo.

Mtumishi wa Zamu:
Bwana Yesu asifiwe dada. Soma Mathayo 25. Aliyekaripiwa ni yule aliyefukia talanta yake ardhini, si wale waliofanya biashara. Wakristo tumekuwa waoga mno wa pesa, tunawaachia wengine. Mimi nilikuwa na duka la vipuri vya bodaboda Mwanakwerekwe, nikaogopa kuongeza mtaji. Mwenzangu wa mlango wa pili akathubutu, leo ana maduka matatu na mimi nimeajiriwa. Usiishi kwa hofu. Omba, funga siku tatu, ukipata amani moyoni ingia.

Hesabu Kwanza:
Dada, kabla ya kufunga siku tatu nijibu maswali manne. Huo mfuko una kibali cha CMSA, yaani Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana? Umeona hati ya kiwanja hata kimoja? Hesabu zao zinakaguliwa na nani? Na ukitaka pesa yako kesho asubuhi, unaipata baada ya siku ngapi?

Dada wa Mapokezi:
Kibali wanacho, nimeonyeshwa picha ya cheti cha BRELA kwenye simu. Hati zipo ofisini kwao Dar. Ukaguzi sikuuliza, lakini mlezi wao ni mchungaji. Pesa inakaa miezi sita ndipo unaruhusiwa kuitoa.

Hesabu Kwanza:
Cheti cha BRELA kinasema tu kwamba kampuni imesajiliwa. Hata duka la mkaa linaweza kukipata. Hakimpi mtu ruhusa ya kukusanya pesa za watu na kuwaahidi faida. Isitoshe BRELA ni ya Bara, huku kwetu usajili wa biashara uko BPRA. Kama wanafanya kazi Unguja, je, BPRA wanajulikana? Na ardhi ya Zanzibar yote ni mali ya serikali, mtu anamiliki haki ya kuitumia. Kiwanja cha Paje kina karatasi za Kamisheni ya Ardhi, na sheha wa pale anajua nani kauziwa. Hayo hayakai Dar.

Bi Mkubwa wa Fuoni:
Mwanangu hujambo. Mie si Mkristo, ila pesa ikishapotea haina dini, kwa hiyo niruhusu niseme. Sisi wanawake wa Fuoni tunacheza upatu tangu enzi za mama zetu. Watu kumi, kila mtu elfu hamsini, kila mwezi mmoja anapokea laki tano. Hakuna anayepokea zaidi ya atakachotoa, na ndiyo maana upatu wetu haufi. Siku mtu akikwambia weka elfu hamsini upokee laki, hapo jiulize hiyo nyingine kaitoa mfukoni mwa nani.

Tulipata mmoja, akapokea wa kwanza kisha akatoroka kwenda Tanga. Sikupiga kelele. Nilikwenda kwa mama yake Kiembesamaki, nikakaa ukumbini na mkoba wangu mapajani, nikanywa chai yake, nikarudi kesho yake, na keshokutwa. Siku ya tano pesa ilikuja. Yule mama alinitengenezea na visheti.

Karafuu Kavu:
Nipo Wete. Ami yangu aliuza karafuu zikiwa bado juu ya mti, akachukua pesa nusu ya thamani kwa sababu mtoto alikuwa anaumwa. Msimu ulipofika akawa anachuma kwa ajili ya mtu mwingine. Nakumbuka anashuka mkarafuuni, mikono imejaa utomvu, amenyamaza. Haraka ya pesa inauma hata pale usipodanganywa. Samahani nimetoka nje ya mada.

Hesabu Kwanza:
Dada, nimerudia kusoma. Umeandika "nina akiba", halafu ukaandika "tumeona". Na kaka huyo "katuletea", hakukuletea wewe peke yako. Pesa ni ya nani?

Dada wa Mapokezi:
Swali langu lilikuwa la imani tu.

Pweza wa Forodhani:
Dada, jibu. Hapa hakuna anayekujua sura.

Dada wa Mapokezi:
Sawa. Ni ya kikundi. Tuko 19, wengi wanawake, wa jikoni, wa usafi, wa dobi, wote wa bara. Kila mmoja anatoa 10,000 kwa mwezi, tuna miezi 34 sasa, jumla 6,460,000. Mimi ndiye mtunza hazina. Ni mfuko wa msiba. Mwenzetu akifariki huku tumsafirishe kwao, jeneza, boti, na gari la kutoka bandarini mpaka kijijini. Tulianzisha baada ya mwenzetu mmoja wa Singida kukaa siku sita mochwari tukichangishana.

Lakini naomba mnielewe. Hakuna aliyefariki tangu hapo, ashukuriwe Mungu. Pesa imelala tu na gharama zinapanda. Nilitaka siku ya mkutano niwaambie akina mama, tazameni, imeongezeka. Mtunza hazina anayeacha pesa ilale naye si mwaminifu. Na nimetuma 2,000,000 tu, sijatuma zote. Na gawio la mwezi wa kwanza limeingia, 160,000, kamili, siku ile ile waliyosema. Matapeli hawalipi.

Hesabu Kwanza:
Matapeli hulipa, dada. Mwezi wa kwanza ndio hulipa vizuri kuliko wote. Wewe umetoa milioni mbili, wao wamekurudishia 160,000 iliyotoka humo humo, na sasa wanangoja 4,460,000 iliyobaki.

Tazama kazi unayoifanya wewe mwenyewe. Umesema masika hoteli zinafunga. Mwezi wa tano nyumba ya wageni Paje ina nani ndani? Hiyo asilimia 8 ya mwezi wa tano italipwa na mgeni gani? Hatifungani za serikali za miaka 20 na 25, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba, kwa miaka ya karibuni zimekuwa zikitoa kama asilimia 12 hadi 16 kwa MWAKA. Hawa wanakuahidi 96. Kama biashara yao inazaa hivyo, benki zingewapigia magoti kuwakopesha, wasingehangaika na pesa ya msiba ya wafua mashuka.

Mzee wa Zamani:
Wenye umri wetu tunakumbuka DECI, ule mpango uliokusanya pesa za watu kwa ahadi ya faida kubwa. Lugha ilikuwa hii hii ya kanisani, "kupanda" na "kuvuna". Serikali iliifunga 2009, na mwaka 2013 mahakama ya Kisutu ikawatia hatiani viongozi wake, wachungaji. Watu walijipanga foleni wakiimba pambio.

Mtumishi wa Zamu:
Tusiwahukumu watumishi wote kwa sababu ya wachache. Ila dada, ungesema mapema kwamba ni pesa ya msiba nisingesema uingie. Nafuta ushauri wangu.

Mtoto wa Darajani:
Wakuu, mnapigwa chai hapa. Dada anafanya kazi hotelini miaka sita halafu hajui kuwa masika Paje ni tupu? Nyuzi za namna hii nimeziona nyingi. Mtu anakuja na huruma, anauliza "niingie au niache", anataja asilimia, anataja gawio limeingia kamili. Kurasa mbili mbele anatokea "mteja" kushuhudia. Hili ni tangazo. Wasimamizi fungeni.

Baraka Tele (amejiunga leo):
Shalom wapendwa. Mimi niko kwenye mfuko huo mwezi wa tano, nalipwa bila kuchelewa, nimeezeka nyumba ya mama. Nafasi zinafungwa Ijumaa. Anayehitaji aje inboksi.

Mtoto wa Darajani:
Si niliwaambia?

Pweza wa Forodhani:
Mwadhini hajamaliza, huyu kashaingia. Dada, tuseme ukweli, wewe na Baraka Tele mnatumia simu moja?

Dada wa Mapokezi:
Mungu ananiona, simjui huyo. Ila hayo maneno "nafasi zinafungwa Ijumaa" ndiyo niliyotumiwa leo mchana, neno kwa neno. Nimetetemeka kuyaona hapa.

Mnasema natunga. Daftari liko mbele yangu hapa kaunta, kubwa, jekundu, pembe zimekatika. Majina 19. Mama wa dobi hajui kuandika, anaweka dole gumba kwa wino wa muhuri wa hoteli, kwa hiyo kila mwezi mstari wa saba una doa la zambarau. Ukurasa wa mwisho nimeandika "zimetoka 2,000,000" kwa penseli. Kurasa zote nyingine nimetumia kalamu. Safu ya sababu nimeiacha wazi. 160,000 sijaiandika popote. Na kuna 100,000 nyingine, kaka yule aliniita pembeni akanipa, akasema ni shukrani ya mtenda kazi, na nikileta kundi zima nitapata zaidi. Nilimtumia mama, anaumwa kisukari. Hiyo ndiyo inayoninyima usingizi.

Mtoto wa Darajani:
Dada, samahani. Mtu anayetangaza asingeyasema haya.

Mwana wa Mkunazini:
Dada yangu, sasa ndipo swali lako la imani linapoanza. Kanisani tunaliita uwakili. Wakili hamiliki kitu, ameshikia. Soma 2 Wakorintho 8, Paulo akipeleka changizo la Yerusalemu. Alikuwa mtume, angeweza kusema niaminini. Hakusema. Alimtuma Tito na ndugu wengine walioaminiwa na makanisa, asije mtu akamlaumu kwa ajili ya pesa ile. Kama Paulo hakutaka kushika mfuko peke yake, mimi na wewe ni nani?

Nasali Mkunazini. Kanisa letu limesimama palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa 1873. Kila nikiingia nawaza kwamba misafara ile ya bara ilikuwa na watu walioweka mtaji, wakakaa mjini wakingoja faida, bila kuuliza imepatikanaje. Ndiyo maana kwangu pesa kuitwa ya Kikristo haitoshi kwa sababu haina bia ndani yake. Ni kweli Soko la Hisa Dar lina hisa za bia na za sigara, na Mkristo ana haki ya kuzikwepa. Lakini kampuni ya bia angalau inachapisha hesabu zake ukazisoma. Hawa wako wameombea pesa, hawajaonyesha hesabu.

Hesabu Kwanza:
La kufanya, dada. Usitume tena hata shilingi. Omba ile milioni mbili irudi, kwa maandishi, na uhifadhi meseji zote. Wakizungusha, nenda polisi mapema. Iliyobaki itoke kwenye simu yako, iende akaunti ya benki ya kikundi yenye watia saini watatu. Mkitaka izae kidogo, kuna mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, taasisi ya serikali, ukitaka pesa unaipata ndani ya siku chache. Hatifungani nisingewashauri kwa pesa hii, msiba haungoji miaka 20.

Karafuu Kavu:
Na sisi wa Pemba hizo hatifungani tunaanzia wapi?

Hesabu Kwanza:
Benki yako ikuunganishe, kiwango cha chini ni milioni moja. Fungua uzi wako nitakuja.

Dada wa Mapokezi:
Nikiwaambia wataninyang'anya hazina. Wengine tunalala chumba kimoja.

Bi Mkubwa wa Fuoni:
Watakunyang'anya, ndiyo. Sasa? Kwanza chukua kalamu ujaze ile safu mwanangu, na ile laki ya mama uiandike deni lako. Ukifika mbele yao wakute umeshaandika.

Dada wa Mapokezi:
Nimeandika. Nimempigia mwenyekiti wetu, hakupokea, yuko zamu jikoni. Nimemtumia hivi: "Mama, shikamoo. Pesa ya msiba nimetoa milioni mbili bila kuwaambia. Nina kosa jingine pia, nitalisema nikifika."

Amejibu sasa hivi. "Marahaba. Natoka saa nne. Njoo na daftari."