Kampuni imenifungia kisafisha hewa cha umeme kinyumenyume, mwanangu anakohoa, wao wananiambia "mtazoea"!

Wakuu, nimeshindwa kunyamaza.

Niko Columbus, Ohio. Mwanangu wa miaka saba ana pumu. Baridi ilipoingia na fanesi (mtambo wa kupasha nyumba joto) ikaanza kuwaka, kikohozi cha usiku kikarudi. Nikaita kampuni ya mafundi wa hita na AC, wakanishauri nifunge kisafisha hewa cha umeme kwenye bomba linalorudisha hewa kwenye fanesi. Dola 1,150. Nikalipa palepale, maana ni pumzi ya mtoto.

Siku ya pili nyumba nzima inanuka kama umeme uliopiga shoti. Dogo kazidi, usiku anakaa kitandani ameshika kifua. Napiga simu, dada wa mapokezi ananijibu hiyo ndiyo harufu ya hewa safi, mtazoea. Mtoto wa pumu azoee ozoni, gesi inayotoka kwenye mashine hizi za umeme? EPA wenyewe, shirika la serikali ya Marekani la mazingira, wanasema ozoni inakera mapafu na inachochea pumu! California hawaruhusu mashine ya hivi iuzwe kama ozoni yake inapita sehemu 0.050 katika kila sehemu milioni za hewa.

Jumamosi nikashuka besimenti na tochi. Nikazima breka kwanza (tafadhali nanyi mzime, mle ndani kuna maelfu ya volti), nikafungua kile kimlango.

Seli zote mbili (yale makasha ya ndani yanayonasa vumbi) zina mshale mkubwa unaoonyesha hewa inakoelekea. Unatakiwa uelekee kwenye fanesi. Yangu imeelekea kinyume! Zile nyaya nyembamba za mbele ndizo zinazolitia vumbi chaji, halafu vumbi linanasa kwenye mabamba ya alumini yaliyo nyuma yake. Ukigeuza, vumbi linapita mabambani likiwa halina chaji, halafu linachajiwa likiwa limeshatoka. Yaani nimelipa dola elfu na ushee vumbi lipite tu na kwenda kuganda kwenye mabomba na kuta zangu.

Kibaya zaidi ni waya. Kwenye bodi ya fanesi yangu kuna kituo cha kuunganishia waya kimeandikwa EAC, yaani kisafisha hewa cha umeme, kinatoa umeme feni ikizunguka tu. Hawakukigusa. Wamechomeka mashine moja kwa moja kwenye soketi, kwa hiyo inawaka saa 24. Feni ikisimama ozoni inajikusanya ndani ya bomba, feni ikiwaka inamwagwa yote vyumbani kwa mpigo. Ndiyo maana dogo alikuwa anashtuka usiku kila fanesi inapoanza kunguruma! Nilidhani ni kelele.

Na hakuna aliyeniambia kwamba seli zinaoshwa kila baada ya mwezi mmoja hadi mitatu na kukaushwa kabisa kabla ya kurudishwa. Muuzaji alisema "hutanunua filta tena maisha yako," basi. Kumbe filta nene ya kawaida ya MERV 13 (kipimo cha filta inavyonasa vumbi), fanesi ikiimudu, ingenasa vumbi bila ozoni hata chembe.

Nimechomoa mashine tangu Jumamosi. Harufu imeisha, na jana dogo amelala mpaka asubuhi. Nina picha za mshale, soketi na risiti. Wao wanasema watakuja "kurekebisha" kwa dola 180 za kufika tu. Sitoi hata senti! Nataka waing'oe na wanirudishie pesa yangu yote.

Kuna aliyewahi kupeleka fundi mahakama ya madai madogo hapa Ohio? Najua mwisho ni dola 6,000. Naomba anieleze alianzia wapi, na kama picha zilitosha au ilibidi alete fundi mwingine atoe ushahidi.